Kwanza, Ana Kizazi au Hana?

Swali la kwanza ambalo daktari mzoefu humuuliza mwanamke anayetaka estrojeni halihusu joto, usingizi wala hasira za ghafla. Humuuliza kama bado ana kizazi. Mama aliyekuja amejiandaa kusimulia namna anavyoamka usiku wa manane shuka limelowa chapachapa hushangaa: kizazi kimeingiaje hapa? Lakini jibu lake ndilo linaloamua kama dawa atakayoandikiwa ni moja au mbili. Akikosea hapo, daktari anaweza kumtuliza mama joto huku akimwotesha saratani.

Hedhi hukoma kwa wanawake wengi kati ya miaka 45 na 55, pale ovari zinapoacha kutengeneza estrojeni ya kutosha. Ile sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili huwa nyepesi kushtuka. Badiliko dogo tu huchukuliwa kama moto umewaka: mishipa ya ngozi hutanuka, jasho humwagika, na mtu aliyekaa chini ya feni huanza kujipepea kwa khanga. Estrojeni ikirudishwa, ubongo hutulia. Mapitio ya majaribio mengi yalionyesha kwamba vipindi hivyo vya joto hupungua kwa takribani asilimia 75 vikilinganishwa na vya wanaopewa vidonge visivyo na dawa. Hakuna dawa nyingine iliyofika hapo.

Ila estrojeni ina kazi nyingine, kongwe zaidi: kuotesha utando wa ndani ya kizazi. Katika umri wa kuzaa estrojeni huukuza utando huo, kisha homoni ya pili, projesteroni, huja nyuma yake na kusema basi, inatosha. Hedhi ndiyo alama kwamba amri hiyo imesikika. Mwanamke mwenye kizazi akipewa estrojeni peke yake, hakuna wa kusema basi.

Marekani ilijifunza hili kwa gharama kubwa. Premarin, dawa ya estrojeni inayotokana na mkojo wa farasi wenye mimba, iliidhinishwa huko mwaka 1942. Mwaka 1966 daktari mmoja wa New York, Robert Wilson, alitoa kitabu kiitwacho Feminine Forever, akidai kuwa kukoma hedhi ni ugonjwa wa upungufu na kwamba estrojeni ingemrudishia mwanamke ujana. Dawa ikanunuliwa kama njugu. Desemba 1975 jarida la New England Journal of Medicine likachapisha tafiti mbili kwa mpigo zikionyesha kwamba watumiaji wa estrojeni walikuwa wakipata saratani ya kizazi, ile ya utando wa ndani, kwa kiwango kikubwa kuliko wasiotumia. Baadaye jaribio lililoitwa PEPI, lenye wanawake 875, liliweka jambo hili wazi zaidi: ndani ya miaka mitatu, asilimia 34 ya wenye kizazi waliopewa estrojeni pekee waliota utando wa aina inayotia wasiwasi, dhidi ya asilimia moja tu ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Waliopewa projesteroni au ndugu zake wa kutengenezwa, wanaoitwa projestini, pamoja na estrojeni walikuwa salama.

Kwa hiyo kanuni haina ubishi. Mwenye kizazi hutumia mbili, asiye nacho hutumia estrojeni peke yake.

Kwenye pwani yetu na bara yake jambo hili lina mikunjo yake. Uvimbe wa kizazi, ule unaoitwa faibroidi, huwapata wanawake weusi kwa wingi, na wapo wengi waliotolewa kizazi kwa sababu yake. Baadhi yao hawajui hasa walitolewa nini: kizazi pekee, kizazi na ovari, au uvimbe tu huku kizazi kikiachwa. Karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitali ilishapotea zamani. Kabla ya estrojeni, inafaa kujua kwa hakika, na kipimo cha ultrasaundi huweza kujibu kwa dakika chache. Mkunjo wa pili ni kitanzi. Mwanamke anaweza kusema analindwa kwa kuwa ana kitanzi, akadhani vitanzi vyote ni vimoja. Kitanzi cha shaba hakitoi homoni yoyote na hakiulindi utando wa kizazi dhidi ya estrojeni. Kinachoulinda ni kile chenye levonojestreli ya miligramu 52, ambacho Uingereza hutumika rasmi kwa kazi hiyo. Nacho kina muda wake, kwa hiyo tarehe ya kuwekwa lazima ijulikane. Vijiti vya mkononi navyo havihesabiwi kuwa ulinzi.

Sasa tuje kwenye hofu, maana hofu ndiyo iliyowakosesha dawa wanawake wengi kuliko duka lolote lililoishiwa. Julai 2002 watafiti wa mradi mkubwa wa Marekani, Women's Health Initiative (WHI), walisimamisha mapema jaribio la wanawake 16,608 wenye kizazi. Nusu yao walikuwa wakimeza estrojeni ya farasi miligramu 0.625 pamoja na projestini iitwayo medroksiprojesteroni miligramu 2.5 kila siku. (Hiyo medroksiprojesteroni ni ileile iliyomo kwenye sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, ingawa kwa kipimo na njia tofauti kabisa.) Baada ya wastani wa miaka 5.2, madhara yalionekana kuzidi faida. Vyombo vya habari duniani vikapaza sauti: homoni zinaleta saratani ya matiti kwa asilimia 26 zaidi. Marekani, ambako dawa hizi ziliandikwa takribani mara milioni 90 kwa mwaka, idadi ikashuka hadi chini ya milioni 60 ndani ya muda mfupi. Walitupa jongoo na mti wake.

Asilimia 26 ni kweli. Lakini asilimia ya nini? Katika kila wanawake 10,000 kwa mwaka mmoja, waliopata saratani ya matiti bila dawa walikuwa 30, na waliotumia dawa walikuwa 38. Waliozidi ni wanane. Kwa hesabu hiyohiyo kulikuwa na viharusi vinane zaidi, visa vinane zaidi vya damu kuganda mapafuni na matatizo ya moyo saba zaidi, huku mivunjiko ya nyonga ikipungua kwa mitano na saratani ya utumbo mpana kwa sita. Namba hizi si za kupuuza. Ila si zile ambazo jirani alizisikia redioni.

Jambo la pili lilifichwa na kelele. Wastani wa umri wa washiriki ulikuwa miaka 63, na waliokuwa chini ya miaka 60 walikuwa kama theluthi moja tu. Mradi ule haukuanzishwa kuuliza kama estrojeni inatuliza joto, maana hilo lilijulikana. Uliuliza kama dawa hii inaweza kuwakinga wazee na ugonjwa wa moyo, na jibu likawa hapana. Jibu hilo lilikuwa sahihi na bado ni sahihi. Kosa lilikuwa kulichukua jibu la bibi wa miaka 68 na kumpa mama wa miaka 50 asiyelala usiku. Jumuiya za wataalamu leo, ikiwemo ile ya Amerika Kaskazini katika tamko lake la mwaka 2022, zinasema kwamba kwa mwanamke mwenye dalili, aliye chini ya miaka 60 au ambaye hajapita miaka 10 tangu hedhi ikome, na asiye na kizuizi cha kiafya, faida kwa kawaida huzidi hatari. Anayeanza baada ya hapo hukutana na mishipa ambayo huenda imeshaziba nusu, na mizani hubadilika.

Hata hivyo, wanaosema siku hizi kwamba utafiti wa 2002 ulikuwa uongo mtupu nao wanapotosha, na safu hii haiwaungi mkono. Mwaka 2019 watafiti waliochapisha katika jarida la Lancet walikusanya data za tafiti nyingi kutoka nchi mbalimbali na kukadiria kwamba mwanamke anayeanza akiwa na miaka 50 na kutumia kwa miaka mitano estrojeni pamoja na projestini ya kila siku, uwezekano wake wa kupata saratani ya matiti ndani ya miaka 20 hupanda kutoka asilimia 6.3 hadi 8.3. Ni mmoja zaidi katika kila wanawake 50. Kwa estrojeni pekee makadirio yalikuwa mmoja katika 200, ilhali kundi la WHI lililotolewa kizazi na kupewa estrojeni pekee lilipata saratani ya matiti kidogo kuliko wasiotumia, hata lilipofuatiliwa kwa takribani miaka 20. Tafiti hizo mbili hazikubaliani, na daktari mkweli humwambia mgonjwa hivyo. Zinakubaliana juu ya jambo moja: kwa upande wa titi, mwenza wa estrojeni ndiye mwenye lawama kubwa kuliko estrojeni yenyewe. Ndiyo sababu madaktari wengi sasa hupendelea projesteroni halisi, ile iliyosagwa ikawa laini na kuwekwa kwenye vidonge, mara nyingi miligramu 100 kila usiku au 200 kwa siku 12 za kila mwezi. Huandikwa ya usiku kwa sababu inaleta usingizi, jambo ambalo kwa wagonjwa hawa ni zawadi.

Kisha kuna njia ya kuingia mwilini, na hapa ndipo mambo yalipobadilika sana tangu enzi za vidonge vya farasi.

Kidonge kikimezwa, dawa yote hupitia kwenye ini kabla ya kusambaa mwilini. Ini likipata estrojeni nyingi kwa mkupuo huongeza kutengeneza protini zinazogandisha damu. Ndipo mabonge ya damu mguuni na mapafuni yanapotokea. Estrojeni ikipitia kwenye ngozi, kwa plasta au jeli, inaingia kwenye damu polepole bila kulishtua ini. Watafiti wa Ufaransa waliliona hili miaka ya 2000 mwanzoni, na mwaka 2019 uchunguzi wa Uingereza uliohusu zaidi ya wanawake 80,000 waliopata mabonge ya damu ulithibitisha: vidonge vilihusishwa na hatari kubwa zaidi, plasta na jeli hazikuhusishwa. Kwa mwanamke mnene, mwenye presha iliyodhibitiwa, kisukari, kipandauso au mafuta mengi kwenye damu, tofauti hiyo inatosha kuamua. Homoni iliyomo ndani ni estradioli, ileile ambayo ovari zilikuwa zikiitengeneza, na plasta ya kuanzia huwa ya mikrogramu 25 hadi 50 kwa siku.

Plasta yenyewe ni kipande chembamba, kinachopenya mwanga, kisichozidi ukubwa wa kadi ya simu ya zamani. Hubandikwa chini ya kitovu au kwenye tako, kamwe si kwenye titi, na nyingi hubadilishwa mara mbili kwa wiki. Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari, jasho ni adui yake. Ngozi ikaushwe vizuri, isipakwe mafuta ya nazi wala losheni mahali hapo, plasta ikandamizwe kwa kiganja kama sekunde kumi, na mahali pabadilishwe kila mara ili ngozi isiwashe. Mshipi wa nguo ya ndani ukiikwaruza huanza kufunguka pembeni. Iliyotumika bado ina homoni ndani yake, kwa hiyo hukunjwa upande wa gundi kwa ndani kabla ya kutupwa mbali na watoto. Jeli inataka adabu ya aina nyingine: hupakwa mkononi au pajani, huachwa ikauke, mikono ikaoshwa kwa sabuni. Ina spiriti, hivyo mtumiaji asiwe karibu na jiko la mkaa kabla haijakauka. Tena mjukuu asipakatwe kwenye ngozi hiyo. Mwaka 2010 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo baada ya watoto waliogusana na ngozi ya wanaotumia estrojeni ya kupuliza kuanza kuota matiti.

Wapo ambao dawa hii si yao, kwa njia ya mdomo wala ya ngozi: aliyewahi kuugua saratani ya matiti, mwenye ugonjwa mkali wa ini, anayetokwa damu ukeni bila sababu kujulikana. Aliyewahi kupata kiharusi au mshtuko wa moyo huambiwa hapana mara nyingi kabisa, na aliyewahi kupata bonge la damu huhitaji mtaalamu, si ushauri wa dukani. Damu inayotoka mwaka mmoja au zaidi baada ya hedhi kukoma ni ya kuchunguzwa kwanza, hata kama ni tone. Akina mama wengi huipokea kwa furaha, wakisema ujana umerudi. Haujarudi.

Kipimo cha presha ni cha lazima kabla ya kuanza, na baada ya hapo kila ziara. Matiti yachunguzwe, na palipo na mamografia ipigwe kadiri umri unavyodai. Cha ajabu, kipimo cha homoni kwenye damu, ambacho maabara nyingi za mjini zinakiuza kwa fahari, mara nyingi hakihitajiki kwa mwanamke aliyepita miaka 45 mwenye dalili za wazi. Homoni hizo hupanda na kushuka wiki hadi wiki; karatasi ya Jumatatu haifanani na ya Ijumaa.

Dawa nyingine anazotumia ziandikwe zote. Rifampisini ya kifua kikuu hulifanya ini liichome estrojeni haraka, na mgonjwa hurudi akilalamika kwamba dawa haifanyi kazi. Efavirenzi, iliyokuwa nguzo ya ARV kabla ya dolutegraviri, pia huishusha, na vivyo hivyo dawa za kifafa kama kabamazepini na fenitoini. Lamotrijini ni kinyume chake: estrojeni ndiyo inayoipunguza, na degedege linaweza kurudi. Anayetumia homoni ya tezi shingoni huenda akahitaji kuongezewa akianza estrojeni ya kumeza.

Kuna pia njia ya mkato inayopaswa kusemwa wazi. Plasta na jeli ni ghali na hazipatikani kila mahali, ilhali vidonge vya majira vipo kila kona, navyo vina estrojeni. Basi muuzaji wa duka la dawa anayetaka kusaidia anaweza kumpa mama wa miaka 53 pakiti ya vidonge hivyo. Estrojeni iliyomo humo, ethinili-estradioli, ina nguvu mara nyingi zaidi ya estradioli kwa uzito uleule, na kazi yake ni kuzuia yai, kitu ambacho mama huyo hana haja nacho. Kwa mtu wa umri huo mwenye presha au anayevuta sigara, ni mwaliko wa kiharusi. Kinyume chake pia ni kweli: dawa ya kukoma hedhi haizuii mimba. Aliye chini ya miaka 50 huhesabiwa anaweza kushika mimba mpaka miaka miwili ipite tangu hedhi ya mwisho, aliyezidi 50 mwaka mmoja.

Kundi moja linastahili kutengwa kabisa na mjadala wa hofu: waliokoma hedhi kabla ya miaka 40, kwa asili au kwa kisu. Msichana wa miaka 34 aliyetolewa ovari zote mbili hatumii estrojeni ili kuongeza kitu. Anarudishiwa alichopaswa kuwa nacho kwa miaka mingine 15 au zaidi. Bila hiyo mifupa yake hudhoofika mapema na moyo wake huzeeka kabla ya wakati. Takwimu za WHI hazimhusu, na kumtisha nazo ni kumdhulumu. Ushauri wa kawaida ni atumie angalau mpaka umri ambao hedhi kwa kawaida hukoma, karibu miaka 50.

Na wengine watumie kwa muda gani? Zamani jibu lilikuwa kipimo kidogo kabisa kwa muda mfupi kabisa. Kisha utafiti wa Marekani uitwao SWAN, ulioanza 1996, ukaonyesha kwamba vipindi vya joto hudumu wastani wa miaka 7.4, na kwa wanawake weusi wa Marekani zaidi ya miaka 10. Muda mfupi kabisa kwa shida ya miaka 10 ni maneno matupu. Kinachofanyika sasa ni kukutana na daktari kila mwaka na kupima upya. Damu ya madoadoa katika miezi mitatu hadi sita ya kwanza ni ya kawaida kwa anayetumia homoni mbili kila siku. Ikizidi hapo, ichunguzwe. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, pumzi ikikata ghafla, upande mmoja wa mwili ukilegea, hakuna kusubiri asubuhi.

Kwa asiyeweza au asiyetaka homoni, Mei 2023 Marekani iliidhinisha fezolinetanti, inayofanya kazi moja kwa moja kwenye ubongo, ingawa ini lazima lipimwe mara kwa mara. Dawa fulani za sonona nazo hupunguza joto kwa kiasi.

Limebaki lile ambalo wengi hawalisemi hata kwa daktari wa kike: uke kukauka, maumivu ya tendo la ndoa, mkojo kuchoma na UTI zinazorudi kila mwezi. Joto huisha lenyewe siku moja. Hili haliishi, huzidi. Dawa yake ni estrojeni ya kuweka ukeni, krimu au kidonge kidogo cha mikrogramu 10. Kidonge hicho huwekwa kila siku kwa wiki mbili, kisha mara mbili kwa wiki. Hesabu yake ni rahisi: vidonge 14 vya mwanzo na 100 vya wiki 50 zinazofuata ni 114, jumla mikrogramu 1,140. Dozi ya mwaka mzima inazidi kidogo tu kidonge kimoja cha miligramu 1 cha kumeza cha siku moja. Haihitaji projesteroni, hata kwa mwenye kizazi. Uingereza iliruhusu mwaka 2022 iuzwe famasi bila cheti cha daktari kwa waliotimiza miaka 50. Lakini kwa zaidi ya miaka 20 karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi lake huko Marekani ilibeba onyo lilelile la kiharusi, saratani ya matiti na kupoteza kumbukumbu lililoandikwa kwa vidonge vya 2002, na mama aliyelisoma usiku, peke yake bafuni, mara nyingi alilirudisha boksi kabatini bila kulifungua. Novemba 2025 FDA ilitangaza kwamba itaanza kuliondoa. Onyo moja la kwenye boksi lilibakizwa, nalo ni la estrojeni ya mwili mzima inayotumiwa peke yake na mwanamke mwenye kizazi.